Ndoo Kwenye Njiapanda

Watu wa pwani wanaohamia Johannesburg hunipigia simu kabla hawajafunga mabegi, wakiuliza wabebe nini. Nawaambia waache makubadhi, walete mkeka. Wanacheka. Wanadhani nawatania, na kweli mimi ni mtani, lakini kwenye mkeka huwa sitanii. Mkeka wangu wa ukili, niliopewa na shangazi yangu Tanga siku ya kuagwa ili niukalie na wageni, haujakaliwa na mgeni hata mmoja. Kuanzia Juni mpaka Agosti unalala juu ya kioo cha mbele cha gari, na majirani zetu wa kitongoji cha Randburg wameshaacha kuuliza.

Mgeni wa huku kwanza ajue kwamba jua la Julai ni laghai. Unafungua pazia, unaliona linang'aa, mbingu haina wingu hata la dawa. Unatoka na kanga yako begani, na kabla hujafika getini meno yanagongana. Pili ajue kwamba ndani ya nyumba ni baridi kuliko nje. Watu wa huku hujenga nyumba kana kwamba baridi hupita mara moja katika maisha, na kila mwaka ikirudi wanashangaa upya: "Eish, mwaka huu!" Ndiyo maana mchana utamwona mtu mzima na heshima zake kahamishia kiti uani, kajifunika blanketi, kafumba macho juani. Usimuulize anaumwa nini. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani kulala nawe, hata baridi ikuume vipi. Hilo linaua, nalo silifanyii mzaha.

Nyasi nazo hufa zote. Mwaka wangu wa kwanza niliziona zimekauka mtaa mzima zikawa rangi ya biskuti, nikampa mume wangu pole ya ukame. Akaniambia ndivyo zilivyo kila mwaka, na kwamba zile za kando ya barabara kuu zitawaka moto pia. Nikajiuliza nimeolewa wapi.

Mume wangu alizaliwa Morogoro. Wazazi wake walikuwa wamekimbilia Tanzania wakati wa ukombozi, na nchi yao ilipokuwa huru wakarudi naye akiwa bado mtoto. Miaka mingi baadaye alikuja Tanga kikazi, akala sambusa za mama yangu, mengine mnayajua. Nikaletwa Randburg mwezi wa Juni na hina yangu mikononi, katika nyumba ya mama yake, ambaye alikuwa mjane. Mume mwenyewe alifanya kazi mgodini, mbali. Aliondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa. Kwa hiyo kusema kweli niliolewa na mama mkwe.

Katika juma la kwanza niliamka mapema nimwoneshe kwamba mwanawe hakukosea. Nikafagia uwanja. Nikaona gari lao la kijani, la zamani, limefunikwa na kitu cheupe mfano wa chumvi. Nikagusa. Barafu! Basi kwetu kitu kikiganda kinapewa maji ya moto, iwe samli, iwe asali, na kikaidi gani hakijalainika? Nikachemsha birika tele, nikasema bismillahi, nikamimina juu ya kioo cha mbele. Kioo kikasema "ta!" Ufa ukatimka kutoka pembe hii hadi pembe ile nikiuangalia.

Mama mkwe alitoka na koti juu ya gauni la kulalia na mitandio miwili kichwani. Hakuuona ule ufa. Macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Aliupapasa kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Makoti," akaniambia, maana ndivyo wanavyomwita bibi harusi huku, "gari hili lilikuwa la marehemu. Alilitunza miaka yote, hata mkwaruzo halina. Wewe umelichinja kwa birika moja?"

Nikasema, "Nisamehe, Mama."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, na akiwa amekaa akaendelea. Kiswahili chake alikiokota sokoni na bombani Morogoro, kwa hiyo hata kicheko chake kilikuwa cha Morogoro, cha kupiga mapaja. Nilimpenda kuanzia hapo. Kioo kipya kilipowekwa nikatoa mkeka wa shangazi na kuutandika juu yake kila magharibi, na barafu haikukishika tena.

Gari hilo pia lilikuwa na jini. Kila nilipogusa mlango lilinipiga cheche kidoleni, pwaa! Nikawa nalisomea kabla ya kulishika. Siku moja Mama akanisikia, akaniambia jini lenyewe ni blanketi la sufu nililojifunga kiunoni. Hewa ya huku wakati wa baridi ni kavu mno, ukisuguana na sufu unajaa umeme mwili mzima. Nilimwamini, ila kusoma sikuacha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo lilitokea baridi yangu ya pili.

Mama alikuwa na Alhamisi yake. Kila Alhamisi aliendesha gari hadi Berea, karibu na katikati ya jiji, kwenye fleti ya rafiki yake aliyekataa katakata kuhama pale. Walikutana wanawake waliokuwa wote Morogoro enzi zile, sasa mabibi. Walisonga ugali, wakapika mchicha wa nazi, na kazi kubwa ilikuwa kuwasengenya watoto wao na wakwe zao kwa Kiswahili, wajukuu wakiwa wamekaa papo hapo hawaelewi kitu, maana wajukuu wana Kizulu na Kiingereza tu. Nilipokwenda naye mara ya kwanza walinyamaza ghafla. Mkwe anayeelewa kila neno alikuwa msiba kwao. Nikawaambia waendelee, mimi nitaongezea. Tangu siku hiyo nikawa mwenzao.

Lakini ugonjwa wake, presha ya macho, haukurudisha ulichochukua. Mwaka ule Mama aligonga geti letu mwenyewe, mchana kweupe, akashuka akaniambia geti limesogea. Leseni yake ilikuwa bado ina uhai. Macho ndiyo yaliyotangulia. Akaacha kuendesha, na kwenda Berea kwa kuungaunga teksi, ndizo daladala za huku, kukamshinda magoti.

Habari zikafika Durban kwa shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Shemeji ni mtu mwema wa aina ile ya kuamuru. Ana nyumba kubwa kule kwenye joto. Alipiga simu akanguruma nchi nzima isikie.

"Mama hawezi kukaa Randburg kama mfungwa," akasema. "Makoti akipata leseni kabla baridi haijaisha, sitasema neno. Asipopata, nakuja na gari kumchukua, akae kwangu."

Mama alikata simu. Kisha akasema, "Durban nitamsengenya nani? Na kwa lugha gani?"

Hakuniomba kitu. Alinirushia funguo za gari tu, zikaanguka mbali nami kwa sababu hakuniona nilipokaa. Nilizifuata nikaziokota, na moyo uliniuma.

Tanga ni mji wa baiskeli. Mimi usukani nilioujua ni ule wa mikono miwili na kengele, na barabarani tulikuwa tukisalimiana na kila mtu: wakubwa shikamoo, wenzetu mambo, na wenye hasira tunawasalimu mara mbili. Jumamosi na Jumapili mume wangu alinifundisha gia na kurudi nyuma. Siku za katikati mwalimu alikuwa Mama. Sheria inataka mwenye leseni akae kando ya mwanafunzi. Nilivyoisoma mimi, haisemi kwamba lazima aone. Alifundisha kwa masikio. "Injini inalia, badilisha gia." "Mbona kimya? Umezima." "Hiyo breki umeikanyaga kama mende."

Mgeni aniamini, kuendesha huku wakati wa baridi kuna mitihani yake. Asubuhi na jioni jua linashuka chini kabisa, linakuingia machoni sawia, na kioo kikiwa na vumbi huoni hata boneti yako. Moshi wa nyasi zinazoungua unaweza kulala barabarani ghafla. Taa za barabarani zinaitwa roboti, na mwenyeji akikwambia "kata kushoto kwenye roboti ya pili" usitafute mtu wa chuma. Vidole vinakufa ganzi. Lakini lililonitesa kuliko yote lilikuwa adabu, maana adabu za barabara za huku zimepinda.

Chukua hazadi. Kwetu mtu akiwasha hazadi, taa zote zikapepesa pamoja, ana balaa: limemharibikia, au amebeba maiti. Siku moja nilimpisha dada mmoja aliyetaka kuingia mbele yangu, naye mara akawasha hazadi. Nikamwambia Mama, maskini gari lake limekufa. Nikamfuata. Alipokata kona nami nikakata, alipoongeza mwendo nami nikaongeza, mpaka akaingia kituo cha mafuta akafunga milango akanitazama kwa woga. Nikagonga kioo kumwuliza kama anataka kusukumwa. Mama alikuwa garini, kajiinamia kwa kicheko. Ndipo akanieleza: huku ukipishwa unawasha hazadi mara moja au mbili, ndiyo asante. Na aliyekupisha anakupigia taa kubwa mara moja, ndiyo karibu. Nikaona salamu ndiyo hiyohiyo yetu, wameihamishia kwenye taa tu.

Jingine ni njiapanda zenye kibao cha kusimama kila upande. Wenyewe huziita fowei. Hakuna roboti, hakuna askari. Kila mtu anasimama, na aliyefika kwanza anakwenda kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wageni wanashangaa jinsi watu wa mji huu, wanaogombana kwa kila kitu, wanavyoheshimu hilo. Roboti zikizimika kwa mgao wa umeme, njiapanda kubwa nzima inageuka fowei, na magari yanapokezana kwa utulivu utadhani watu wako mlangoni mwa msikiti wanavaa viatu.

Nilikwenda kufanya mtihani wa kwanza mwezi wa Julai. Mtahini alikuwa bwana mwembamba mwenye koti refu, asiyecheka. Uwanjani niliegesha vizuri, sikugusa nguzo, nilipanda kilima bila kurudi nyuma hata unyayo. Tukatoka barabarani. Kwenye fowei nilifika kwanza. Upande wa mbele akafika mzee mwenye kofia ya sufu, yuko kwenye pikapu iliyozeeka kumzidi yeye.

Mguu wangu ukakataa. Mkubwa wa kama baba yangu yuko pale ananitazama, mimi nimpite? Nikampungia mkono: tangulia. Naye akanipungia: nenda wewe. Nikampungia tena kwa mikono miwili. Naye kumbe muungwana, akainamisha kichwa, akanyoosha mkono. Nyuma yangu honi moja ikalia. Nikashusha kioo, baridi ikaingia, nikapaza sauti, "Shikamoo baba! Tangulia tu!" Mzee akaweka kiganja sikioni. Honi zikawa kwaya. Teksi moja ikatoka nyuma ikapita katikati yetu bila kumwuliza yeyote, kwa sababu teksi za huku zina fowei yao peke yao.

Mtahini akaniuliza taratibu, "Madam, yule mzee unamfahamu?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini tunamngoja?"

"Kwa sababu ni mzee."

"Eish," akasema. "Madam, mama yako amekulea vizuri sana." Akaniangusha.

Nililia njia nzima, na Mama kando yangu akisikiliza injini. Alikuwa na haki ya kulia kuliko mimi. Wanasema mwenda pole hajikwai. Mimi nilikwenda pole nikamkwaza mama wa watu. Nilipomwambia hivyo alisonya.

Tulipofika alisema, "Lete ndoo zote, uziweke uani."

Nikaleta ndoo, beseni, na sufuria ya biriani kwa kuwa ndoo hazikutosha. Yeye kakaa juani na blanketi lake.

"Pale Morogoro tulikuwa na bomba moja," akaanza. "Maji asubuhi tu. Wanawake mnapanga ndoo, halafu mnakaa pembeni kupiga domo. Ndoo ndiyo inakusimamia. Mimi ni mgeni, sijui lugha, nataka nipendwe. Siku moja akaja bibi mmoja, mzee kabisa. Ndoo yangu imefika. Nikamwambia, Bibi, karibu, weka yako. Nikajiona nina adabu. He! Walio nyuma wakanijia juu! Mmoja akaniambia, 'Mgeni, umetoa chako au umetoa chetu? Ukitaka kumheshimu bibi, mpe nafasi yako, wewe ukachukue yake kule mwisho.' Nikaangalia mwisho. Ulikuwa mbali, makoti. Maji yangekatika."

"Ulikwenda mwisho?"

"Nilikwenda. Yakakatika. Na yule bibi alinikasirikia pia, alikuwa hajamaliza umbea wake." Akajikung'uta blanketi. "Yule aliyenigombeza ni Mluguru, alinifundisha Kiswahili chote ninachojua. Sasa narudisha deni kwa watu wa kwao. Ukimpa mtu zamu yako pale kwenye fowei, wa nyuma yako hukuwauliza. Ndoo yako ikifika, chota utoke."

Kama angenisomea kitabu chote cha sheria za barabarani nisingeelewa vile. Foleni ya maji naijua tangu utoto. Hakuna binti wa Tanga atakayeleta mchezo kwenye foleni ya maji, hata kama aliye nyuma yake ni kadhi.

Tukafanya mazoezi pale uani, nikisukuma ndoo kwa fagio kutoka pande nne huku jirani akichungulia juu ya ukuta. "Beseni limefika kwanza," Mama anaamuru, "nani aende?" Nami najibu kwa sauti kama niko chuoni kwa maalimu. Na tukiwa barabarani, kwenye kila njiapanda aliniuliza kwa vile haoni, "Nani kafika kwanza?" Nikisema sisi, anajibu, "Basi ndoo ni yako." Nami nakanyaga mafuta.

Nafasi ya mtihani iliyopatikana ilikuwa Agosti, siku ya Alhamisi. Shemeji alifika jioni iliyotangulia na gari lake kubwa na maboksi matupu. Aliyapanga kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, na usiku ule nilimsikia Mama akienda msalani akiyapapasa moja moja njiani. Nilichukia yale maboksi. Sikumchukia shemeji, ambaye alilala na soksi na koti na bado akatetemeka, bali maboksi niliyachukia kwa dhati.

Asubuhi nilimkuta shemeji uani. Gari lake kubwa lilikuwa jeupe kwa barafu, halikuwa na mkeka wake, na yeye mkononi alikuwa na birika linafuka moshi.

Hapo shetani alinikalia begani akaniambia ninyamaze. Gari likipasuka kioo halitasafiri, na Mama atapata siku mbili tatu. Niligeuka nikamwona Mama mlangoni. Alikuwa amesikia birika likichemka, amesikia mlango, na amesikia hatua zangu zimesimama. Alikuwa anatabasamu, na hakusema neno. Mwanamke yule!

"Shemeji!" nikapiga kelele. "Weka birika chini!"

Alishtuka akaliweka. Nikachukua kadi ya benki iliyokwisha muda, nikakwangua kioo chake taratibu huku nikimweleza kwamba maji ya moto yanavunja. Yale ya birika nikampikia chai ya tangawizi. Alikunywa akinitazama kwa namna nyingine kidogo, akasema anakwenda dukani kutafuta seloteipu ya kufungia maboksi. Mama alinipita akinong'ona, "Una roho nzuri mno. Ndiyo maana unafelishwa."

Kituoni mtahini alikuwa yuleyule. Niliogopa kweli. Nikampa mkono kumsalimu, na blanketi la sufu likafanya kazi yake: cheche iliruka kati ya vidole vyetu akapiga yowe. Nikasema bismillahi, yeye akasema kitu kingine. Lakini safari hii alicheka, na nikaona ana pengo.

Mama alibaki kwenye benchi juani. Uwanjani mambo yakaenda. Barabarani tukakuta roboti za njiapanda kubwa zimezimika zote, magari yamejaa pande nne, vumbi la Agosti linapeperuka. Nikasogea, nikahesabu ndoo. Lori la bia. Gari jeupe. Sisi. Na kulia kwangu, aliyefika baada yetu, bibi kizee kabisa, kaushika usukani kwa mikono miwili na kidevu kimemfika juu yake. Bibi wa watu akanitazama. Nyuma yangu kulikuwa na watu wenye kazi zao, wenye watoto, wenye maji ya kuchota. Lori likaenda, gari jeupe likaenda. Nikaenda.

Tulipovuka mtahini akanigeukia. "Yule mama hukumngoja," akasema.

"Alifika baada yetu."

Akaangalia dirishani, na bega lake likatikisika kwa kicheko.

Niliporudi kwenye benchi nimefaulu, sikungoja Mama aniulize. Nikamshika mikono, cheche ikatupiga wote wawili. Akaelewa. Alinyanyuka akaenda mwenyewe hadi nyuma ya gari, akipapasa bati, akaitafuta ile herufi nyekundu ya L ya wanafunzi iliyobandikwa kwenye kioo cha nyuma, akaibandua kwa kucha zake. Akaibandika kwenye mkoba wake kama nishani.

Tukarudi. Mtaa mmoja kabla ya nyumbani kuna fowei ndogo, ya kimya, yenye mti uliopukutika majani. Nilisimama. Sekunde ile ile, au baada yake kidogo, gari kubwa likasimama upande wa kushoto. Ndani yake alikuwa shemeji, na seloteipu zake zimening'inia kwenye mfuko juu ya kidole. Mkubwa wa mume wangu. Mtu ambaye mbele yake mimi huvua viatu.

"Kuna nani?" Mama akauliza.

"Shemeji."

"Nani kafika kwanza?"

"Sisi, Mama."

"Basi ndoo ni yako."

Nikaenda. Nilipita mbele ya boneti lake kubwa bila kumpungia, bila kumsalimu, mgongo umenyooka, nikasikia joto la aibu na la furaha vikinipanda pamoja. Mama akanyoosha mkono, vidole vyake vikapapasa dashibodi mpaka vikakipata kitufe chenye pembetatu, akakibonyeza. Hazadi zikapepesa. Asante.

Nilitazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Shemeji alikuwa bado amesimama, wala hakuna gari jingine la kumzuia. Anakitazama kioo chetu cha nyuma, pale palipokuwa na herufi nyekundu na sasa hapana. Kisha taa zake kubwa zikawaka mara moja, zikazimika.

"Amejibu?" Mama akauliza. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kile kitufe.

"Amejibu, Mama."

Akashusha pumzi ndefu, akaweka mkoba wake vizuri mapajani. Mimi nikawasha indiketa ya kukata kushoto, kwenda nyumbani.

"Zima hiyo tiki-tiki," akasema. "Leo Alhamisi. Kule Berea wameshaanza kutusema."